Baiskeli ya umeme Mwanza: namna ya kuipanda ili na miguu ifanye kazi

Kila ninapomshauri mtu wa Mwanza aanze kupanda baiskeli, jibu huwa moja: milima. "Dada, mimi nakaa Isamilo, baiskeli nitaipandishaje?" Ana haki ya kuuliza. Wa Kirumba anayefanya kazi Pasiansi anaweza kunyonga baiskeli ya kawaida akafika bila tabu. Lakini wa Isamilo, wa Bugando, wa Bwiru, au sisi wa Nyegezi tunaokaa ndani juu ya mawe, mlima unatukatisha tamaa wiki ya kwanza. Baiskeli inahamia stoo na kuanza kuanikiwa nguo.

Ninaandika kwa ajili ya huyo, na hasa yule ambaye ameshaambiwa kliniki afanye mazoezi na hajui ataanzia wapi. Nina miaka 53, nina duka la vitambaa mjini, na kazi yangu ni kukaa. Presha ilipogundulika muuguzi aliniambia, "Mama, dawa utameza, ila na mwili uuchoshe kidogo kila siku." Muda wa kwenda uwanjani sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni safari ya dukani, kilomita 9 kwenda na 9 kurudi, ambayo nilikuwa naifanya nimekaa kwenye daladala. Nikanunua baiskeli ya umeme.

Miezi miwili ya kwanza niliipanda vibaya. Ilikuwa na eksileta ya mkononi kama ya pikipiki, nami nikawa naivuta kutoka nyumbani mpaka dukani, miguu imetulia kwenye pedeli. Nilikuwa nawahi kufika, lakini presha ikabaki palepale. Mambo yalibadilika nilipoelewa kwamba mota ni ya mlima, miguu ni ya safari nzima. Yote yanayofuata hapa yanatokana na hilo.

Hatua ya 1: Pima mwili kabla ya kupima baiskeli

Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, pima presha na sukari. Kama una ugonjwa wa moyo, umewahi kupata maumivu ya kifua ukipanda ngazi, au unazimia zimia, zungumza na daktari kwanza na umweleze wazi unataka kufanya nini. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aulize kuhusu muda wa kula kabla ya safari, na kwenye mfuko asikose kitu cha sukari: pipi, soda ndogo ya kawaida, hata glukosi ya unga. Ukiwa barabarani ukahisi kutetemeka, jasho la baridi na kichwa chepesi, shuka, kaa chini, kula hicho kitu. Usijiambie utamalizia mbele.

Kifua kikibana, au maumivu yakienda kwenye bega, mkono au taya, safari imekwisha. Tafuta gari, nenda hospitali.

Hatua ya 2: Chagua baiskeli itakayokudai nguvu

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na muuzaji hawezi kukwambia kwa sababu yeye anauza raha.

Baiskeli za umeme hazifanani. Kuna zenye eksileta, unavuta inakwenda, pedeli ni pambo. Kuna ambazo mota haisaidii mpaka unyonge. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, inayohesabiwa kuwa baiskeli ni hii ya pili: mota isizidi wati 250, na msaada ukatike ikifika kilomita 25 kwa saa. Mbele ya hapo unajitegemea. Ukitafuta afya, tafuta ya namna hiyo. Ikiwa uliyoipata ina eksileta pia, mwambie fundi akuchomolee waya wake. Yangu nilichomoa. Fundi wangu wa Mkuyuni alinishangaa, "Mama, watu wanalipia kuwekewa, wewe unalipia kutolewa?" Nikamwambia toa tu.

Sasa angalia sensa, yaani kifaa kinachoiambia mota lini isaidie. Zipo za aina mbili. Moja inahisi tu kwamba pedeli zinazunguka. Ukizungusha kwa kidole gumba inawasha mota kwa nguvu yote ya kiwango ulichoweka. Nyingine inapima unakanyaga kwa nguvu kiasi gani, na kukuongezea kwa kadiri ya unachotoa. Ukitoa kidogo inakupa kidogo. Hii ya pili ndiyo ya mtu wa mazoezi, ingawa ni ghali zaidi. Kuzitofautisha ni rahisi: omba uijaribu kwenye tambarare, weka msaada namba 1, kile kiwango cha chini kabisa cha mota, zungusha pedeli polepole bila kukaza mguu. Ikichomoka mbele kana kwamba imesukumwa, ni ya aina ya kwanza. Ikikusubiri ukaze, ni ya pili. Ukishindwa bei usivunjike moyo, hata ya aina ya kwanza inafaa ukitumia namba za chini na gia nzito kidogo, ili miguu ibaki na mzigo.

Mota nayo inakaa sehemu mbili. Ipo ya kwenye kitovu cha gurudumu na ipo ya katikati, pale pedeli zinapozungukia. Ya katikati inapitisha nguvu kwenye cheni na gia, kwa hiyo mlimani inapanda vizuri ukishusha gia, lakini inakula cheni haraka. Ya kwenye kitovu ni nafuu na mafundi wetu wanaielewa, ila kwenye mpando mrefu wa polepole inapata joto. Ukisimama juu ukaigusa na mkono ukarudi wenyewe, ipumzishe.

Betri isikutishe kwa maneno. Chukua namba mbili zilizoandikwa juu yake, volti na ampea-saa, zizidishe upate wati-saa, yaani umeme ambao betri inabeba. Volti 36 mara 10 ni wati-saa 360. Ukinyonga mwenyewe na kuachia mota isaidie kiasi, kilomita moja inakula kama wati-saa 10, maana yake utapata kilomita 30 na zaidi. Ukiiachia mota kila kitu, hesabu inashuka karibu nusu. Muuzaji akikwambia betri hiyo hiyo inafika kilomita 100, muulize anapandia wapi.

Breki ziwe za diski mbele na nyuma. Baiskeli hizi zina uzito wa kilo 20 mpaka 27, ukijumlisha na wako, kuteremka Bugando kwa breki za mpira siku ya mvua ni hatari. Kina mama tuchague fremu ya kike, isiyo na bomba la juu, na gadi la cheni liwepo. Shangazi yangu kule Misungwi alibebea pamba kwenye baiskeli miaka yote amejifunga kitenge, lakini alikuwa anakikunja na kukikaza kiunoni kabla ya kupanda. Kitenge kikiingia kwenye spoku mota haijui, inaendelea kuvuta.

Hatua ya 3: Kiti

Mafundi wengi wanashusha kiti mpaka nyayo zote mbili zilale chini, ili mteja ajisikie salama. Magoti yanalipa. Egemea ukuta, kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Ukisimama, vidole ndivyo vitagusa chini. Siku tatu za kwanza utaona kiti kiko juu mno, kisha utazoea.

Jambo la kuzoea mapema: kwenye foleni, kabla ya kuweka mguu kwenye pedeli, shika breki. Kwenye baiskeli nyingi breki inakata mota. Usiposhika, mguu ukigusa pedeli baiskeli inaruka, na mbele yako pana bajaji.

Hatua ya 4: Jifunze kucheza na namba

Kwenye usukani kuna kioo kidogo chenye namba za msaada, mara nyingi 0 mpaka 5. Mazoezi yako yote yamo kwenye kile kitufe.

Mtu wa kawaida asiye mwanamichezo anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu kwa miguu yake. Mota ya wati 250 ikifunguliwa yote inatoa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukiweka namba 5 kwenye tambarare, unabebwa, hata kama pedeli zinazunguka. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: tambarare namba 1 au 0, mpando mdogo 2, mlima wenyewe 3 au 4, na juu ukishafika unarudisha 1 palepale. Kurudisha ndiko watu wanakosahau. Wanaweka 4 kwa ajili ya mlima mmoja na kuiacha mpaka mjini.

Utajuaje kama unajichosha vya kutosha? Tumia pumzi. Kiwango kinachotakiwa ni kile ambacho unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Huku kwetu barabara yenyewe inakupima. Mzee amekaa kwenye benchi nje ya kibanda anakupigia salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka!" Unamjibu, anauliza, "Mhola?" yaani salama? unamwambia, "Mhola duhu." Ukiweza kumaliza salamu hiyo yote huku unahema kwa kusikika, uko mahali pake. Ukijibu kwa raha na kumuulizia ng'ombe na wajukuu, shusha namba. Ukishindwa hata "mhola," pandisha kwa namba moja, huo si udhaifu, ndiyo kazi ya mota.

Mlimani shusha gia kabla ya kuanza kupanda, usisubiri katikati ambapo cheni imekaza. Mguu uzunguke mwepesi na haraka kuliko kukanyaga kwa kulazimisha. Hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 15: mara 15 mpaka 20 ni sawa. Chini ya hapo magoti yanabeba mzigo usio wao.

Wapo watakaokwambia kwamba yenye mota si mazoezi. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa watu zaidi ya 10,000 kutoka miji saba ya Ulaya, ukaonyesha kwamba wapanda baiskeli za umeme wanaishughulisha miili yao kwa wiki karibu sawa na wapanda baiskeli za kawaida. Kwa kila dakika wanajichosha pungufu kidogo, lakini wanakwenda mbali zaidi. Mimi ninaliona hilo kwangu. Baiskeli ya kawaida ningeiacha baada ya siku nne, hii ninayo mwaka wa tatu.

Hatua ya 5: Panga dakika

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kuhema kiasi, au 75 hadi 150 za kuhema sana. Mwongozo wa zamani ulitaka ziwe vipande vya dakika 10 au zaidi. Sasa kila dakika inahesabika. Kwa mtu wa Nyegezi kilomita 9 ni kama dakika 30. Kwenda na kurudi ni saa nzima. Siku tatu kwa wiki ni dakika 180, umeshavuka. Huhitaji siku zote sita.

Usianze na safari ya kazini. Wiki mbili za kwanza nenda Jumamosi na Jumapili asubuhi, dakika 15 au 20, mahali penye magari machache. Capri Point ni pazuri, pana tambarare na pana vipando, na ziwa liko pembeni yako. Weka namba 3, zoea breki na uzito. Wiki ya tatu nenda kazini siku moja. Kila baada ya wiki mbili, shusha msaada kwa namba moja kwenye kipande cha tambarare. Mimi nilifika kwenye 1 baada ya miezi mitatu, na kipande cha Butimba mpaka Mkuyuni sasa nakipita kwenye 0.

Hatua ya 6: Barabara na saa

Ondoka mapema. Asubuhi ziwa limetulia. Kuanzia mchana upepo unaingia kutoka ziwani, na ukikutana nao uso kwa uso ni kama umeongezewa mlima. Lakini kumbuka Mwanza jua linachelewa kuchomoza kuliko Dar es Salaam. Saa 12:15 asubuhi bado ni giza, kwa hiyo taa ya mbele na ya nyuma ziwake, na koti la kuakisi mwanga livaliwe. Helmeti haina mjadala.

Kaa kushoto, lakini usijibane kwenye ukingo wa lami. Kwenye ukingo pana mchanga, na kuna sehemu lami imekatika na kuacha kingo kama ngazi. Tairi likiteleza pale unaangukia upande wa malori. Acha kama nusu mita hadi mita moja. Daladala iliyo mbele yako ikipunguza mwendo karibu na kituo, chukulia kwamba itaingia bila kuashiria. Na kwa kuwa baiskeli yako haina mlio, wanaovuka hawakusikii: tumia kengele mapema.

Unayekaa juu ya mawe, Igogo au Mabatini, ambako njia ni ngazi, usiipandishe baiskeli mgongoni. Omba nafasi kwa jirani wa chini, funga kwa mnyororo mzito, chomoa betri upande nayo. Ni kilo tatu hivi.

Hatua ya 7: Betri, umeme, maji

Kuchaji betri ya wati-saa 360 kunakula chini ya nusu uniti. Kwa mwenye uniti ya shilingi 350 hivi, ni kama shilingi 150. LUKU hutaiona ikishuka.

Gharama halisi ni betri kufa kabla ya wakati wake. Chaji ukiwa macho, kwenye sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, na isiwe mlangoni, maana ikiwaka moto mlango ndiyo njia yako. Tumia chaja yake peke yake. Ya volti 48 kwenye betri ya volti 36 ni kutafuta moto. Umeme ukikatika, chomoa chaja, subiri urudi utulie dakika kadhaa ndipo uchomeke. Ule mshtuko wa kurudi uliniulia chaja ya kwanza. Ukitoka juani iache betri ipoe kwanza. Betri iliyovimba, iliyodondoka vibaya au inayonuka dawa, iweke nje, usiichaji tena, na usikubali fundi aifungue kwa bisibisi.

Mvua ya kawaida haina neno. Maji ya kupita ndani yake ndiyo mabaya. Mto Mirongo ukifurika na barabara za Mabatini zikawa mito, shuka ukokote, na maji yakikaribia kitovu cha gurudumu, geuza. Usiipeleke kwa waosha magari wenye pampu, maji ya nguvu yanapenya kwenye baring na kwenye mota. Kitambaa chenye maji na brashi vinatosha.

Na tafadhali, usiioshee ziwani. Nawaona vijana ufukweni wamesimama maji magotini, baiskeli na bodaboda zimelazwa. Maji ya kando ya ziwa, penye majani na konokono, yana kichocho. Vijidudu vinapenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi, kisha vinaumiza utumbo na ini kwa miaka. Umeanza baiskeli kwa ajili ya afya. Chota maji ya bomba, osha nyumbani.

Hatua ya 8: Kisichofanywa na baiskeli

Kunyonga ni kuzuri kwa moyo na mapaja, lakini umekaa, mifupa haibebi uzito wako, na mikono imepumzika. Mwongozo uleule wa 2020 unataka misuli yote ikazwe angalau siku mbili kwa wiki. Si lazima jimu. Kuchota maji, kubeba ndoo mbili zenye uzito sawa, kulima bustani, kusimama na kuchuchumaa mara 10 mara tatu ukishikilia meza, kusukuma ukuta. Dukani nimeondoa stuli moja; nikipima kitambaa nasimama.

Chakula nacho usikilegeze kwa sababu umenyonga. Nusu saa ya baiskeli haifuti sahani ya pili ya ugali.

Hatua ya 9: Daftari

Andika mambo manne tu: tarehe, dakika, namba ya msaada kwenye tambarare, na presha siku unapopima. Pima ukiwa umepumzika dakika tano, asubuhi kabla ya dawa, mkono uleule kila mara. Usipime ukiwa ndiyo umeshuka kwenye baiskeli. Mazoezi ya namna hii kwa mwenye presha kwa kawaida hushusha namba ya juu kwa 5 mpaka 8, si kwa 40, kwa hiyo usiache dawa kwa uamuzi wako hata ukijisikia mwepesi kiasi gani. Daftari langu nililipeleka kliniki, daktari akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akapunguza kidonge kimoja. Chako mpelekee wako, umwachie yeye aamue.